Mama Otilia na Watoto wa Jumamosi

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi watoto mliokaa hapa mbele, tunayemsindikiza leo, Mama Otilia Leonidas, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Kate, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Leonidas na mama Valeria, wakulima wa mahindi na ulezi, ambao kwao sala ya jioni haikuwa na udhuru hata kama ugali unapoa.

Alisoma shule ya msingi hapo Kate tangu mwaka 1967 hadi 1973, na mwaka 1979 akaajiriwa kuwa mhudumu wa ofisi mjini Sumbawanga, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Machi 2018. Tarehe 4 Oktoba 1980 alifunga ndoa na Adolfu, fundi seremala wa Chanji, wakajaliwa watoto watatu, Christopha, Bertilla na Yohanes, ingawa ukiuliza pale Chanji utaambiwa watoto wake hawana idadi, kwa kuwa kila Jumamosi tangu mwaka 1991 aliwafundisha dini watoto wa mtaa, na tusimpambe, alikuwa mkali, aliyetafuna muwa wakati wa sala alivutwa sikio bila onyo.

Marehemu mwenyewe aliagiza kosa lake lisifichwe leo. Mwezi Agosti 2006 jirani yetu Jenifa, mke wa Mboje, aliugua sana, na Mama Otilia, kwa imani na haraka yake, akawaambia watoto kwamba wakisali novena siku tisa bila kukosa hata moja, Jenifa atainuka. Jenifa alifariki siku ya tisa. Watu wakiwa matangani, binti yake Redempta, aliyekuwa na miaka minane, alikataa kula, na shangazi yake alipombembeleza akasema kwamba yeye ndiye aliyemuua mama, maana siku ya saba alipitiwa na usingizi kabla ya sala.

Habari hiyo ilipomfikia, Mama Otilia alikwenda msibani, akapiga magoti mbele ya mtoto yule, akapiga makofi taratibu kama mdogo anavyomwamkia mkubwa kwetu Ufipa, akamwomba msamaha watu wote wakiona. Wako wazee waliosema mwalimu amejishushia heshima, naye akawajibu kwamba heshima itarudi yenyewe, lakini mtoto akikua na mzigo ule hakuna atakayemtua. Redempta akamuuliza, kama sala haiponyi, basi ni ya nini, na Mama Otilia, aliyezoea kuwa na jibu, akakiri kwamba hajui vizuri, akakaa naye mkekani siku nzima. Kuanzia hapo aliwafundisha watoto waombe wanachotaka, hata uponyaji, bila aibu, ila wajue kwamba sala si dawa ya kupimwa kwa kijiko, ni kama kuja msibani, hatuji kumfufua mtu, tunakuja ili mfiwa asikae peke yake, na Mungu naye hukaa nasi hivyo hivyo.

Oktoba 2023 alianza kusumbuliwa na tumbo, akagundulika kuwa na kansa, akatibiwa kwa kulazwa na kuruhusiwa, hadi Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alipofariki nyumbani Chanji, Redempta akiwa amemshika mkono. Wiki tatu kabla, watoto wa Jumamosi walikuwa wameanza kumsalia, na sisi wakubwa tulipotaka kuwazuia kwa kuogopa yale ya Jenifa, alitukataza, akasema anawahitaji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanajumuiya, majirani mliopika na kuchota maji, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Shukrani ya mwisho ni kwenu watoto, ambao marehemu alikataa mpelekwe kwa jirani siku ya mazishi kama tulivyozoea, akaagiza mwambiwe waziwazi, mlisali vizuri, wote, hata aliyesahau maneno, Mungu aliwasikia, Mama amekufa, na hakuna kati yenu aliyekosea.

Mama Otilia, pumzika sasa, Mungu akupe amani yake.