Yasiin Farajallah Alipona Kabla Yetu

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Mzee Yasiin Farajallah, mkuu wa upakiaji katika depo yetu ya malori ya Namuwongo, Kampala, atakabidhi funguo za ghala baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini na minne. Ataswali Ijumaa kama kawaida yake, atarudi tule pilau pamoja, kisha atakwenda Bombo alikojenga.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Olweny, dereva wa njia ya Juba, aliyemjua kuliko sisi wote. Olweny alifariki mwaka jana mwezi wa Machi. Kwa hiyo ninauandika mimi, Atim wa stoo, mjane wake. Msomaji atakayeona hauchekeshi vya kutosha anisamehe. Kuchekesha ilikuwa kazi ya Olweny.

Mzee Yasiin aliingia kampuni mwaka 1991 akiwa utingo wa lori la chumvi kutoka Mombasa. Safari yake ya kwanza alilala juu ya mzigo, mvua ikanyesha huko Eldoret, na turubai alilolifunga mwenyewe likafunguka. Walifika Kampala magunia yamenywea na utingo amekauka chumvi mpaka kwenye nyusi. Tangu siku hiyo hajamwamini mtu na kamba, hata akiwa yeye mwenyewe. Akawa mpakizi, akawa kiranja wa wapakizi, na mwaka 2006 akafanywa mkuu wa upakiaji. Karibu kila anayebeba gunia hapa alifundishwa naye. Mmoja wao alikuwa marehemu Tarcisio, aliyekuja hapa hajui hata kufunga kamba ya kiatu ikakazika, akaishia kuwa mkono wa kulia wa Mzee.

Jina la Bimbashi alipewa na Olweny. Ni cheo cha zamani cha jeshi, na babu zake Mzee Yasiin, Wanubi wa Bombo, walikuja nchi hii wakiwa askari. Olweny alisema mtu anayefokea magunia namna ile lazima awe na cheo. Naye Mzee akamwita Olweny Simsim, kwa kuwa Mwacholi yule hakusafiri bila chupa ya simsim iliyosagwa. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuwasikia wakiitana majina yao halisi, isipokuwa mbele ya polisi wa barabarani.

Wateja nao walimjua. Mama Emérence, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, anayenunua vitenge katika soko la Kikuubo, alikuja mara moja akakuta Mzee yuko likizo. Alikataa robota zake zisiguswe. Akakaa juu yake na kanga yake na chupa ya chai, akasema, "Mimi nitangoja yule mkali. Nyinyi wapole mtaniangushia mali Kasese." Ilibidi Mzee akatize likizo.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu mwingi huruka. Nilimuuliza Mzee kama niruke. Akasema, "Andika. Ukiruka, watafikiri nilikuwa nimeenda Dubai."

Mwaka 2020 malori yetu yalikwama mpakani Malaba majuma kwa majuma kwa sababu ya ugonjwa ule, na madereva wakawa wanaogopwa kila walipopita. Mzee aliwapigia simu usiku na mchana. Hofu ikamshika, haikumwachia hata barabara zilipofunguka. Alikuwa akikagua kamba, anaondoka, anarudi kukagua tena. Aliwahi kulirudisha lori lililokwisha kufika Jinja ili aangalie fundo moja. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Baadaye hata kukagua kulimshinda. Alikuwa anakaa stoo kwangu akitazama ukuta, na chai inapoa. Mwaka 2021 mke wake, Mama Rukiah, alimpeleka hospitali, akalazwa katika wodi ya magonjwa ya akili kwa muda wa miezi miwili hivi.

Wodini, alitusimulia baadaye, alilala usingizi, akala, akakaa kwenye duara na wenzake wakazungumza. Alijifunza kusema "ninaogopa" bila kuona haya. Alitoka na dawa, na siku za kurudi kliniki, na hamu ya kazi.

Akatukuta sisi.

Tulimpenda sana, na hapo ndipo tulipoharibu. Meneja wetu Jasper, ambaye hana roho mbaya hata kidogo, alimpa ofisi ya ghorofani, kiti chenye mto na feni. Wapakizi wakaambiwa wasipige kelele chini ya dirisha lake. Hakuna aliyemwita Bimbashi tena. Alikuwa Mzee, Mzee, pole Mzee, umelalaje Mzee. Lori likipata ajali, tulinong'ona. Akiingia chumba cha chai, vicheko vilikatika kama redio iliyozimwa. Tulidhani neno moja baya litamrudisha wodini.

Katika miezi ile Tarcisio aliugua malaria siku chache tu, akafa. Tulichangishana kimyakimya. Tulikodi basi dogo, tukaenda kumzika kwao Mityana Jumamosi, na Jumatatu tukaja kazini kama kwamba hakuna kitu. Tulikubaliana wote kwamba Mzee asiambiwe kwanza.

Wiki iliyofuata alishuka ngazi, akauliza, "Tarcisio mmempeleka safari gani hii ndefu?"

Jasper alimwambia. Mzee alishika reli ya ngazi. Halafu akauliza, "Nani alisimama kwa niaba yangu?"

Hakuna aliyekuwa amesimama. Hatukuwa tumewaza hilo. Wazazi wa Tarcisio walikuwa wamemuulizia kaburini, mtu aliyemfundisha mtoto wao kazi, nasi tukawaambia anaumwa. Mzee alirudi juu kwenye kiti chake. Siku zilizofuata hakuwa na ugonjwa, lakini hakuwa na mtu pia. Tulimwachia msiba aulilie peke yake baada ya matanga kwisha.

Olweny alikuwa amekaa Juba muda mrefu, gari limeharibika. Aliporudi nilimsimulia yote jioni, naye hakula. Asubuhi alifika depo, akatazama trela lake lililopakiwa bila Mzee, akasimama chini ya lile dirisha.

"Bimbashi, shuka. Unakaa huko juu kama bibi harusi anangoja kufunuliwa. Mzigo yangu imelala kama mlevi wa Kansanga."

Jasper alitoka mbio, kidole mdomoni.

"Usinionyeshe kidole, bosi," Olweny akamwambia. "Huyu mtu alikuwa mgonjwa. Hakuwa mtoto."

Dirisha likafunguka. Sote tulitazama juu, na ninakumbuka mpakizi mmoja alikuwa na gunia begani akasahau kulitua.

"Na wewe Simsim," Mzee akasema, "lini ulijua mzigo? Wewe unajua honi peke yake."

Akashuka. Alilizunguka trela, akavuta kamba moja, akasonya. "Shusha yote," akasema. "Yote. Na mpaka jua litue nitawatukana." Tulishusha, tukapakia upya, na alitutukana kweli. Saa ya chai alimwomba Olweny ampeleke Mityana. Walikwenda Jumapili wawili peke yao, wakakaa na wazazi wa Tarcisio mpaka jioni.

Watu husema Olweny alimponya siku ile. Olweny mwenyewe alikasirika akisikia hivyo. Alisema mtu alitoka hospitali akiwa mzima, depo ndiyo iliyobaki ikiumwa.

Mzee aliendelea na dawa na kliniki, na siku mbaya zilikuja. Alikuwa na neno lake. Akifika asubuhi na kusema, "Leo niko chini ya turubai," tulijua. Kazi yake hatukumnyang'anya, wala hatukumwuliza maswali. Olweny, kama yuko mjini, alikaa karibu naye na kula simsim yake. Kesho au keshokutwa tungesikia mtu anafokewa, tukajua ametoka. Katika miaka hiyo alimwoza binti yake Jamilah, akajenga Bombo, akaanzisha utaratibu wa madereva wanaotoka safari ndefu kuulizwa wamelalaje kabla ya kuulizwa mzigo.

Olweny alipokata roho, presha ilimpiga ghafla, kuna waliotaka nisimpigie Mzee simu mpaka asubuhi. Nilimpigia kabla ya kaka zangu. Alikuja. Jeneza lilikuwa liende kwao Kitgum kwa lori letu, na hakumruhusu mtu mwingine kulifunga. Aliweka blanketi chini, akapitisha kamba, akakaza, akalegeza kidogo, akakaza tena. Kisha akagonga ubao kwa kidole. "Simsim," akasema, "leo huna la kusema." Akapanda, akakaa kando yake njia nzima, akilia bila kujificha. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ninasikitika kwamba Olweny hayupo kumwona Bimbashi akistaafu. Angesema maneno ambayo mhariri wa jarida hili la kampuni asingeyachapa.

Mama Rukiah, Jamilah, tunawarudishia mtu wenu. Mtatamani kumwambia apumzike, na apumzike. Lakini mwambieni paa likivuja, jirani akiugua, mjukuu akianguka mtihani. Mkimfanyia mzaha atajibu. Mkimnyamazia atajua.

Mzee Yasiin, asante kwa kila mzigo uliofika salama, na kwa kila mpakizi uliyemfundisha. Tarcisio hatuwezi kumzika mara ya pili, na hilo tutabaki nalo. Jasper ameniruhusu niandike kwa niaba ya kampuni: mtu wa depo hii akipatwa na jambo, la harusi au la msiba, utaambiwa saa ileile sisi wenyewe tunapoambiwa. Tunakuombea siku nyingi na usingizi mzuri, Bimbashi. Usizime simu.