Charger kwa Safa, Chevelle kwa Rayan

Sogeeni wanangu, mkae upande mmoja wa kitanda, maana shingo yangu haigeuki tena na sina nguvu ya kulisema jambo moja mara mbili, mara kwa Safa na mara kwa Rayan, kama mlivyonizoesha tangu mamenu alipofariki. Alasiri tumeshasali, akili yangu ingali sawa, na mie babenu, Vuai, nataka kuyasema haya kabla pumzi haijakatika. Msilie. Wala msinitazame mkingoja mie nilie, kwani tangu tulipomzika mamenu Mwanamize kifua changu kimekufa ganzi. Chakula nakila wala sipati ladha yake, na hata injini, ambazo nimezifanyia kazi hapa Jedda tangu ujana wangu, nikizisikia naona kama zinanguruma nyumba ya jirani.

Nyumba hii itagawiwa kwa sharia, mie sina mkono hapo. Spana zangu zote na ile winchi ya kunyanyulia injini apewe Nahashon, Mkenya niliyefanya naye kazi gereji, na msimwite kuja kuchukua; mpelekeeni. Yamebaki magari mawili ya Kimarekani yaliyoko uani, na hayo nawapa kwa mkono wangu ningali hai, kwa sharti kila mmoja aridhie mbele ya mwenzake, kwa mdomo wake, nami nisikie.

Rayan anayajua haya, lakini Safa hukuwahi kutaka kuyajua, basi sikiliza. Charger ya mwaka sitini na tisa ina injini ile wanayoiita Hemi, inchi za ujazo mia nne ishirini na sita, ambayo vyumba vyake vya kuchomea mafuta vina umbo la nusu chungwa na valvu zake kubwa zimekaa zikielekeana, ndiyo maana huvuta hewa kwa pupa, na ukiikanyaga kwenye barabara nyeupe haina mpinzani. Lakini ina kabureta mbili zisizosikilizana, plagi zake huchafuka ukienda polepole, na kwenye milima na jua la nchi hii huchemka upesi. Chevelle ya sabini imeizidi kwa ukubwa, mia nne hamsini na nne, wala haina ufundi wa ajabu. Kabureta moja, silinda hedi za kawaida, nguvu yake yote iko chini, ukigusa mafuta tu unasukumwa mgongo, na kwenye foleni ya Sharafiya inakwenda kama mzee anayetoka msikitini. Watu wamenichosha kwa kuniuliza ipi bora. Kwa mbio ndefu, Hemi. Kwa gari la kuishi nalo, Chevelle. Zaidi ya hapo ni porojo za kahawani.

Sasa siku ile aliyofariki mamenu. Rayan ulikuwa Riyadh, kule Malaz, ndege zimejaa watu wa umra, ukapanda Charger kwa kuwa ndilo gari ulilokuwa nalo. Karibu na Taif likachemka, ukakaa kando ya njia ukingoja lipoe, ukafika hapa isha imeshasaliwa. Safa akakufungulia mlango, akakwambia, "Umekuja na gari la mashindano na bado umechelewa. Mama keshazikwa." Ukamuuliza, "Hamkuweza kunisubiri hata kidogo?" Akajibu, "Ungepanda gari la watu, ungemkuta hai." Ukaacha funguo mezani, ukarudi Riyadh kwa basi, na hamkusemezana tena.

Hili linalofuata ndilo lililonifanya nikuiteni. Usingemkuta hai, Rayan. Si kwa Charger, si kwa Chevelle, si kwa ndege. Mamenu alikata roho alfajiri, mkono wake umo mkononi mwangu, na Safa alipokupigia simu tulikuwa tumeshamfunika shuka. Nilikuwa nimesimama pale, nikamsikia akisema, "Mama hajisikii vizuri, njoo, lakini usikimbize gari." Alikuficha ili usije ukafa njiani. Kisha ulipofika akashindwa kuutamka ukweli, lawama akalitupia gari. Safa, usiiname. Hukufanya kwa ubaya. Na kuzikwa kabla nduguyo hajafika, mie ndiye niliyeamua, maiti hawekwi, na leo ningeamua vilevile.

Basi Charger nampa Safa. Ulilishutumu wewe, liendeshe wewe; litie rejeta kubwa zaidi, zisafishwe kabureta, kisha ulipeleke Riyadh kwa nduguyo, taratibu, upumzike Taif. Chevelle nampa Rayan. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha, Safa alijifunzia gari hilo, na mamenu alikaa kiti cha kulia, cha abiria, kavua viatu, anampigia kelele, "Yalla, kanyaga! Unaogopa nini?" mpaka watu waliokuwa wakitembea pwani wakageuka kuwatizama. Safa anazo siku hizo. Wewe hukuwapo, basi chukua kiti alichokalia.

Haya, semeni. Safa, umeridhia? ... Nimesikia. Rayan? ... Mtazame yeye, si mimi. Kwa sauti, baba. ... Nimesikia. Halas, yamekwisha.

Nilidhani nikiyasikia maneno hayo kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Si kitu, mmeshasemezana.

Nipeni maji... tone tu, basi. Nikifa nizikeni hapa hapa Jedda, kwenye sala itakayofuata. Ami yenu Usama yuko Maskati, atapiga simu aseme msubirini. Msimsubiri. Lakini mwambieni kweli hapo hapo kwenye simu, na akifika, saa yoyote, mfungulieni mlango nyote wawili, mumkumbatie, wala msimuulize kwa nini kachelewa.

Radhi zangu mnazo. Mungu akulindeni njiani, akulindeni majumbani mwenu, akupeni watoto wenye... wenye kusikilizana. Safa, shusha mto. Rayan, nishike hapa, chini ya bega... hapo. Msiondoke... hapo hapo.