Betri Mpya, Kiti Uani

Dereva wa katapila dogo la kupakia kifusi alikuwa amepakata betri mpya kama mtoto anayepelekwa kliniki. Aliyekaa naye kwenye kiti cha basi, mbele yangu, alikuwa mama mwenye ovaroli, fundi wa mitambo, na alianza kuuliza bila kuombwa.

“Ukizungusha ufunguo, linaguna?”

“Kimya, mama. Dizeli ipo, chujio nimebadilisha, nyaya nimezikwangua. Leo litawaka tu! Saa nne lori la zege linafika, na kifusi kimeziba njia.”

“Mara ya mwisho liliwaka lini?”

“Juzi, kabla sijaliosha. Nililiosha haswa, mpaka kiti nikakifungua. Mke wangu kakianika uani.”

Fundi akageuka mzimamzima. “Na jana ulipokuwa unaliwasha, ulikalia nini?”

“Ndoo.”

Nikatazama nje, nisije nikacheka mbele ya ile betri.

“Mwanangu, chini ya kile kiti kuna swichi. Isiposikia uzito wa mtu, haliwaki ng'o, hata ulifungie betri kumi.”

“Mashine ya tani tatu inigomee kwa sababu ya kiti? Mama, nimeiendesha miaka sita!”

“Miaka sita umekalia kiti.”

Basi likasimama. Dereva akainuka na betri yake, shingo imekakamaa. “Sijakubali,” alimwambia fundi. Akashuka, akapiga hatua tatu, akamrudia kondakta mlangoni.

“Hivi basi la kurudi linapita saa ngapi?”