Aliyezivua Mashine Nailoni

Ndugu na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Nasoma kwa niaba ya wifi yangu, mjane wake. Wakubwa wa chuo mliokaa mbele, mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, wa nne kati ya watoto sita, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Akiwa na miaka saba aliifungua saa ya mama, akaifunga, akabaki na skrubu mbili mkononi. Saa ikaenda vizuri. Mama akasema, "Kumbe hizi zilikuwa zimekaa bure tu!" Tukamwita Skrubu tangu siku hiyo. Waliokaa bure alikuja kuwakuta wengi ukubwani.

Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1981, wa kwanza katika ukerezaji, yaani kuchonga chuma kwa mashine, akafanya kazi kiwanda cha pampu miaka ishirini na minane.

Tarehe 20 Agosti 1988 alimuoa mshonaji wa sare za hospitali. Alikuwa akimtengenezea cherehani, na kila mara aliacha kasoro ndogo ili aitwe tena. Wifi aliligundua hilo siku ya kwanza, akaendelea kumwita.

Mwaka 2010 aliajiriwa kufundisha katika kituo cha teknolojia cha chuo cha wakubwa hawa waliokaa mbele. Tuliambiwa kituo kitawapa wafanyakazi ujuzi mpya na kuinua uchumi wa eneo zima. Kilikuwa na mashine nane za kukereza chuma zinazoongozwa na kompyuta, na Mkuu wa Chuo aliagiza zisivuliwe nailoni, ili kila ujumbe wa wageni ukija uzikute mpya. Wanafunzi walifundishwa kwa picha ubaoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: hicho kilitembezwa kila mwezi kwa vipaza sauti na maji ya chupa.

Mwaka 2014 kiwanda cha pampu kilileta wafanyakazi thelathini na mmoja kwa wiki sita. Wangejaribiwa kwenye mashine, na atakayeshindwa angepoteza kazi. Wiki ya tatu bado walikuwa wanachora vitufe. Mama mmoja akamuuliza marehemu, "Mwalimu, siku ya jaribio nikawaonyeshe daftari?"

Jumatatu tarehe 9 Juni, marehemu alichukua kisu akazivua zote nane. Mkuu alikuja mbio.

"Umeharibu mali ya chuo! Alhamisi nina wageni!"

"Waje tu, Mkuu. Watatukuta kazini."

Wote thelathini na mmoja walifaulu. Marehemu alipewa barua ya onyo, akahamishiwa ukumbini kupanga viti hadi alipostaafu. Darasa lilipoondoka tu, nailoni mpya ikanunuliwa siku hiyohiyo. Chuo ambacho kilishindwa kubadilisha balbu ya chooni kwa miaka miwili, siku hiyo kilikuwa na mbio za swala. Niliwadharau, na leo nawadharau zaidi.

Januari mwaka 2023 marehemu alipatwa na kiharusi. Mkuu alifika hospitali mara moja tu, na mpiga picha wake. Kaka yangu aligeuza uso kuelekea ukutani. Alifariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Juzi Mkuu alikuja msibani, akamwambia wifi, "Mama, tumeamua kituo kiitwe kwa jina la mzee. Tutalitangaza kaburini."

Wifi akamuuliza, "Mashine mmezivua?"

"Hilo lina utaratibu wake, mama."

"Basi jina la mume wangu liache. Mwenyewe mlimpangisha viti, jina lake mnataka kulifanyia nini?"

Kwa hiyo, Mkuu, hiyo karatasi iliyo mfukoni mwako ibaki humo humo. Familia imekataa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, na mafundi thelathini na mmoja ambao leo wameomba ruhusa kazini. Ndio hao watakaombeba.

Apumzike kwa amani kaka yangu. Amechoka kwa kuifanya kazi, si kwa kuionyesha.