Kiko Juu ya Benchi

Benchi letu, nje ya kibanda cha Kinyozi, ni ubao uliopachikwa juu ya matofali. Wa pembeni akiinuka bila taarifa, waliobaki wanamwagika. Wenyeji ni Kinyozi asiye na wateja, Breki, dereva mstaafu ambaye mdomo wake hauna breki, na mimi Pasipoti, niliyezunguka nchi nyingi nikarudi na begi lilelile. Jioni ile Fundi, mchonga viko wetu, alikaa pembeni, akaweka kiko kipya katikati, kisha akarudisha mikono mifukoni. Hata kahawa yake hakuigusa.

— Mnunuzi wa zana zangu yuko njiani, alisema. Semeni kweli, ndugu zangu. Kama bado mimi ni fundi, namrudisha. Kama basi, patasi na keekee ya kutobolea aondoke nazo.

Breki: Eti basi! Tazama mistari ya mti inavyopanda kutoka kitakoni, kama moshi ulioganda.

Kinyozi: Nimenyoa vichwa vingapi? Sijapata kushika kichwa laini hivi.

Mimi: Nimeona viko vya wafalme, havifikii hiki.

Breki: Walikualika?

Mimi: Nilichungulia dirishani.

Breki: Basi nawaambia, hiki hakikuchongwa. Mti uliota hivihivi, Fundi kauvua gome tu.

Kinyozi: Wapi! Kaubembeleza mpaka ukajikunja wenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Breki: Na kizuri chajiuza, ndiyo maana hakijanunuliwa.

Fundi akatabasamu.

— Kwa hiyo bado fundi?

— Bado! tukaitikia.

Mimi: Ukiacha leo, miti itakaa matanga.

Mnunuzi akatokea, gunia begani.

Breki: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Rudi na gunia lako, kaka, hapa hapauzwi kitu.

Mgeni hakubisha. Alikiokota kiko kwa adabu, akakigeuzageuza, akakitia mdomoni. Sisi hatukuwa tumefika huko: Kinyozi ana pumu, Breki kakatazwa na daktari, mimi namwogopa mke wangu. Akapuliza. Mashavu yakavimba. Akapuliza tena.

— Samahanini wakubwa. Hewa inapita wapi?

Kinyozi akamtazama Breki, Breki akanitazama mimi. Nikakipokea kiko, nikachungulia. Ndani kimechimbwa vizuri; lakini pale chini, ambapo tundu la kuvutia moshi lingetokea, palikuwa na mti mtupu, umesuguliwa, umepakwa nta. Mimi nimewahi kuchekesha watu hata kwenye mazishi ya mjomba wangu. Pale nilikisugua kiko kwa shati, kana kwamba tundu lingejitokeza.

— Viwili vya kwanza keekee ilivipasua, alisema Fundi. Hiki nikakionea huruma.

Akatoa mkono mfukoni, akashika kikombe. Kahawa ikamwagika yote kabla haijafika mdomoni.

— Zana ziko kwangu, nyuma ya mlango, akamwambia mgeni. Angalia hiyo keekee, ncha bado kali. Twende.

Akainuka bila taarifa. Tukamwagika wote watatu, kiko nimekikumbatia kifuani, na hakuna aliyecheka.