Risala ya Wanafunzi wa Lifti kwa Fundi Aliyetumwa Kufuta Rangi

Mgeni rasmi, fundi wa kompyuta,

KARIBU
Hatukukutegemea. Robo saa iliyopita ulibisha hodi, ukasema, "Jamani, nimetumwa na chuo kufuta rangi," nasi tukakukalisha kwenye kiti chenye miguu yote minne na kukufanya mgeni rasmi kabla hujashusha begi. Utusamehe papara. Pole pia kwa ngazi za ghorofa sita. Lifti ya jengo hili ni mbovu, na sisi ndio tunaosomea kuitengeneza.

TULIKOTOKA
Tuko kumi na mmoja. Tunasoma Mwongozo wa Ukaguzi wa Lifti, kurasa mia sita na kumi na nne, nakala moja ya mtandaoni kwa wote. Kila mtu alichagua rangi yake, na sheria ikawa moja: ukipaka sentensi, andika pembeni kwa nini.

MAFANIKIO
Tumeupaka mwongozo wote. Tulianza na yaliyo muhimu. Kisha mwandishi wa risala hii akazionea huruma sentensi zilizoachwa, akazipaka nazo, pembeni akaandika, "Na huyu ana mchango wake." Wenzake wakamwiga. Ikabaki moja tu isiyo na rangi: "Ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi." Kwa kuwa ndiyo pekee iliyoonekana vizuri, sote tumeihifadhi kwa moyo.

Pembeni nako kumechangamka:
"Nani kapaka zambarau juu ya manjano yangu?"
"Mimi. Una neno?"
"Ninalo. Njoo ukurasa wa tisini tuonane."
Ugomvi huo umefikisha majibu sabini na mawili, na wahusika wanakaa dawati moja.

CHANGAMOTO
Sasa mwongozo unachukua dakika arobaini kufunguka. Wewe mwenyewe umetuambia, "Unabeba alama za rangi elfu mbili tu, ndugu zangu. Mnazo elfu arobaini na moja. Lazima zipungue leo." Na mtihani wetu ni kesho asubuhi.

Mgeni rasmi, mwenzetu mmoja hayupo. Tunamwita Dada Kijani, kwa rangi yake. Alijifungua mapacha kabla ya siku zao, yuko nao wodini wiki ya tano, na atafanya mtihani mwezi ujao. Anasoma kwa simu, mkono mmoja, na maelezo yake pembeni ya sura ya breki hata mwalimu huyanakili. Siku alipolazwa alituuliza, "Wenzangu, mtanitunzia kijani changu?" Tukajibu kwa sauti moja, kama watu wasiojua hesabu, "Dada, hakiguswi."

Alama zake ni elfu moja mia tisa na themanini.

MAOMBI
Tulikuwa na maombi saba. Tumekata sita. Usiguse kijani.

Zetu usihangaike nazo. Tangu aya ya kwanza ya risala hii kila mmoja anafuta rangi yake, ndiyo maana hakuna aliyepiga makofi. Bwana Zambarau analia kidogo, tafadhali usimtazame.

Sasa hivi mwongozo umefunguka kwa sekunde tatu. Dada Kijani ameshaandika pembeni: "Jamani, rangi zenu ziko wapi? Mtihani si kesho?"

Tumemjibu: "Tumeshaelewa yote, Dada. Wewe endelea na breki."

Mola aibariki mikono yako, mgeni wetu, na watoto wale waongezeke uzito.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Lifti, Ghorofa ya Sita.