Mlima wa Kupanda Bure

Basi la Bungoma lilikuwa limetoka Kitale, na Gichuki, karani wa benki, alikuwa bado anamsifia Chesang vilima. Chesang, mama aliyepanda milima ya Elgon na kuni mgongoni tangu utotoni, alimsikiliza kama mtu anayemsikiliza mlevi.

"Natoka asubuhi, mchana nimerudi," Gichuki alisema. "Juzi nilipanda huko juu ya Sirisia, nikapumzika kwa mama mmoja."

"Ulikuwa umetumwa na nani?"

"Na nani? Si nilikuwa natembea tu."

"Ati kutembea! Na viatu zimepakwa rangi namna hiyo? Chai ulikunywa?"

"Nilikunywa. Msichana wao aliileta, tena amebadilisha rinda." Gichuki alicheka. "Nikawaambia nitarudi."

Chesang hakucheka. Aliitazama kofia yake nyeupe mpaka basi likasimama Kiminini, alikoolewa.

"Mama, hujaniambia," Gichuki alisema. "Kuna kilima kingine kizuri hapa karibu?"

"Kingine cha nini, bana?" Chesang alijitwika kapu lake. "Huyo mama uliyekunywa chai kwake ni dada yangu, hata hiyo kofia alinisimulia. Tangu hiyo siku bwana yake anafyeka njia, ati wazee wenu wakija kuposa wasilowe umande."